Wasikilizaji wa Migombani

Tangu nistaafu, hakuna mtu aliyeniuliza asilimia ya kitu chochote. Naamka nyumbani kwangu Rwamishenye, nakunywa chai, nazungukia mibuni michache iliyo nyuma ya nyumba, na jua linatua bila ripoti ya robo mwaka. Wenzangu walinionya kwamba mstaafu huumwa na upweke. Bado nausubiri. Nikiwa mkweli, nimefurahi kupumzika kuliko adabu inavyoruhusu kusema.

Siku ya kuniaga, Editha, binti aliyerithi meza yangu, aliniomba niseme neno kwa vijana wanaoingia kazini. Nilisimama, nikashukuru, nikakaa. La kusema nilikuwa nalo, lakini matoke yalikuwa yanapoa, na katika maisha yangu nimekaa kwenye hafla nyingi mno nikimwombea mzungumzaji apoteze sauti. Basi nayaandika hapa, mtayasoma mkishashiba. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara kila mmoja wenu anaujua kwa uchungu wake.

Niliripoti Muleba nikiwa afisa utamaduni kijana, nimevaa tai niliyoazima. Mlango wa ofisi ulifunguka nusu tu. Ndani ngoma zilikuwa zimepangwa mpaka kwenye bawaba, na juu ya ngoma kulikuwa na nyavu za mpira wa miguu, kwa sababu michezo na utamaduni tulikuwa chumba kimoja. Nilipobisha, sauti ya mwanamke ilitoka nyuma ya lundo lile ikisema, "Ruka tu, usiguse ya kushoto, ngozi yake ni mbichi." Ndivyo nilivyokutana na Mama Paskazia, mkuu wangu wa kwanza, na mtu pekee aliyenifundisha kazi hii bila kunipa semina.

Machoni pa wengi kazi yetu ilikuwa moja tu: mgeni akija, tulete ngoma. Programu za sanaa vijijini zilikwenda kule ambako barabara inapitika na mwenyekiti ana sauti kubwa. Mama Paskazia alikuwa amechoka na utaratibu huo. Alitaka kujua nani anakuja, nani haji, na kwa nini, ndipo apange kikundi kipewe mwalimu au kijiji kipewe ngoma. Siku hizo neno takwimu lilikuwa la watu wa afya na kilimo. Sisi wa ngoma tulipolitamka mkutanini, watu walitabasamu kama wanavyomtabasamia mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Kuhesabu watu kwenye ngoma si kazi nyepesi. Watu wanazunguka, wanabadilishana nafasi, mwingine anaingia kucheza na kutoka mara tatu. Mama Paskazia alinipa chombo chake: kahawa ya kutafuna, ile tunayoichemsha na majani na kuikausha, na kumkaribishia mgeni. Unajaza mfuko wa kushoto, na kila unapohesabu watu kumi, punje moja inahamia mfuko wa kulia. Ni chombo kizuri, hakihitaji umeme, mvua haikiharibu. Ubaya wake ni kwamba kinalika. Mkisoma ripoti zangu za mwanzo mkaona mahudhurio ni hafifu, sasa mnajua yalikoishia.

Baadaye nilihamishiwa Bukoba, na ndipo tulipoanza kupita nyumba kwa nyumba na madodoso. Hapa hapa Rwamishenye nilikuwa nabisha hodi Jumamosi, nimeshika mkoba na kalamu, naanza kuuliza: "Mnapenda sanaa gani?" Kila nyumba, kwaya. Nyumba ya kwanza kwaya, ya pili kwaya, mpaka kwa mzee mmoja ambaye usiku tulikuwa tunamsikia akipiga muziki wa dansi hadi kuku wanalalamika. Naye akasema kwaya. Kumbe mtaa mzima ulidhani nimetumwa na usharika. Mama mmoja alinifungia mlango polepole akisema, "Mwambie mchungaji ahadi yangu nitaileta mwenyewe." Tangu siku ile niliacha kumuuliza mtu anapenda nini. Nilimuuliza mara ya mwisho aliimba au alicheza wapi, na nani, na alirudije nyumbani. Mtu akiulizwa anachopenda, anajibu kama anahojiwa na mchumba. Akiulizwa alichofanya juzi, anasema tu.

Sasa nije kwenye lile lililoninyima usingizi kuliko mengine yote. Karibu na Rubya, tulikuwa na programu ya alasiri katika kijiji kimoja, kila wiki mara moja, katika ukumbi wa kijiji wenye bati na madirisha yasiyo na vioo. Mwalimu alikuwa Ma Kokwijuka, mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alikuwa anajua nyimbo za kumsindikiza bibi harusi, zile ndefu ambazo mwimbishaji anauliza na wanawake wanaitika, na ndani yake anatajwa mama, kisima, kizingiti, na ndugu wote wanaoachwa. Wenzake wa rika lake walikuwa wamekwisha. Yeye mwenyewe hakujaliwa binti. Programu ilibuniwa kwa ajili ya wanawake vijana wa pale, wazipokee nyimbo hizo kabla hazijaondoka naye.

Ripoti zilikuja na ukumbi umejaa. Tatizo lilikuwa waliojaza. Ukisoma safu ya umri na safu ya jinsia, ulikuta wazee wa kiume, wazee wa kiume, na wazee wa kiume. Wanawake vijana walikuwa sifuri wiki baada ya wiki, labda mmoja aliyepita kumwita mtu. Kwenye kikao cha mipango Bukoba, mambo yalikuwa wazi. Programu ya wanawake vijana isiyo na wanawake vijana haina sababu ya kuwepo. Ilipendekezwa ihamishiwe Kitendaguro, mjini, kwenye vijana wengi na ukumbi wenye taa. Mimi ndiye niliyetakiwa kuandika mapendekezo hayo na kuweka sahihi. Kwa takwimu nilizokuwa nazo, hata mimi ningeifuta.

Nilikwenda kumwambia Ma Kokwijuka mwenyewe, kwa sababu habari ya namna hiyo haitumwi kwa simu. Alikuwa anamenya ndizi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kisu.

"Wanakuja," akasema.

"Ma, nimeleta karatasi. Hawapo."

"Bwana Utamaduni, wanakuja, waitu," akasema kwa lile neno letu la Kihaya la kusihi. "Mimi nawasikia."

Nilidhani ni matumaini ya mtu mzima asiyetaka kushindwa. Akaniangalia, akasema, "Haya, wapeleke Kitendaguro hao vijana wako wakafundishwe. Na nani? Mimi siendi mjini kulala kwenye chumba cha kupanga. Nikifa, nyimbo hizi utazitafuta kwenye hiyo kompyuta yako?"

Nilirudi na ile karatasi bila sahihi, nikaomba kikao kinivumilie mpaka niende pale mwenyewe siku ya programu. Walinivumilia kwa shingo upande. Ofisini palikuwa na mwenzetu mmoja wa mipango, kijana safi, mpenda majedwali, aliyeniuliza kama nakwenda kuhakiki sifuri. Nikamwambia ndiyo, sifuri nayo ina haki ya kutembelewa.

Siku hiyo nilifika mapema, nikakaa kwenye benchi la pembeni. Wazee waliingia mmoja mmoja na fimbo zao, kofia magotini. Mbele kabisa alikaa Ta Kalumuna, mkubwa wa ukoo ulioshika nusu ya kijiji, amenyooka kama yuko kanisani. Ma Kokwijuka aliingia na vikongwe wawili wa kumshikia ngoma. Akaanza kuimba, na jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba alikuwa ametupa kisogo. Mwalimu ameupa ukumbi mgongo, anaimba akiwa ameelekea dirisha la nyuma.

Jambo la pili lilikuja na kiitikio. Ndani walikuwa wanaitika vikongwe wawili, na wazee wachache wananguruma midomo imefumbwa. Lakini kiitikio kilichorudi kilikuwa kikubwa kuliko midomo iliyomo mle. Nilidhani ni bati. Nikasikiliza tena. Bati haliimbi sauti ya pili.

Nilijifanya napokea simu, nikatoka, nikazunguka nyuma. Ukumbi ule umepakana na shamba la migomba. Walikuwa wamesimama humo katikati ya mashina, wengine na majembe begani, wengine na watoto mgongoni, mmoja na ndoo ya maji kichwani hata hajaitua. Sijui walikuwa wangapi. Safari hii mifuko yote miwili ya kahawa nilikuwa nimeisahau. Waliponiona walipiga magoti kunisalimu na wimbo ukakatika upande wao. Ndani, Ma Kokwijuka aliuliza ule mstari tena kwa nguvu, na hakuna aliyeitika.

"Itikieni, asije akadhani mmeondoka," nikasema.

Wakacheka, wakaitika. Ulipofika mwisho nikauliza mbona hawaingii. Walitazamana. Aliyejibu alikuwa mwanamke mmoja mwenye jembe, Jeska, ambaye baadaye nilikuja kumfahamu vizuri.

"Baba mkwe wangu si yule aliyekaa kiti cha mbele? Niingie nikakatike kiuno mbele yake?"

"Na ninyi wengine?"

"Waitu, pale ndani kila kofia ni baba mkwe wa mtu."

Mimi ni Mhaya, mtoto wa hapa. Baba yangu mzazi, mpaka anazeeka, alikuwa akikohoa kutoka uani ili mke wangu ajue anakuja na ajiweke sawa. Mkamwana hali sahani moja na baba mkwe, hataji jina lake, na kucheza mbele yake ni jambo la ensoni, ile haya inayomfanya mtu atamani ardhi ipasuke. Nayajua hayo tangu utotoni. Lakini fomu ilikuwa inauliza umri, jinsia na umbali wa kutembea. Haikuwa na mahali pa kuuliza ndani amekaa nani. Nilisimama pale migombani nikaanza kucheka peke yangu, na kicheko kile kilikuwa cha mtu aliyeshushiwa mzigo. Walikuwepo. Wiki zote zile walikuwepo.

Furaha yangu ilidumu mpaka niliposhika njia ya kwenda kwa Ta Kalumuna, maana hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Mzee wa heshima zake unamwambiaje asije kwenye ukumbi wa kijiji chake? Akikasirika yeye, ukoo mzima umekasirika, na programu inakufa kwa sababu nyingine. Alinikaribisha, akanisogezea kahawa ya kutafuna kwenye kifuko cha nyuzi. Nilitafuna punje moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Tata," nikaanza, nikimwita baba kwa Kihaya, "tunashukuru sana mnavyojitokeza."

"Hatukosi," akasema.

"Hamkosi. Sasa, tulikuwa tunafikiri, kama ingewezekana, bila kuvunjiana heshima, tuone namna ya ninyi wazee kupumzika siku hiyo."

Aliweka fimbo chini. Nikasema moyoni, kwisha habari yangu.

"Kupumzika kivipi?"

Nikamweleza, nikipita mbali na neno kiuno. Nikamwambia wakamwana zenu wako migombani, wanaimba wakiwa wima, na hawawezi kuingia mkiwamo. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Unaniambia kweli? Nisije tena?"

"Kama haitakukwaza, Tata."

"Wiki hii inayokuja?"

"Kuanzia hiyo."

Alishusha pumzi ndefu, akaita kwa sauti kuelekea jirani, "Rugaimukamu! Njoo usikie! Tumeachiliwa!" Kisha akanigeukia. "Mwanangu, mgongo wangu umekwisha kwa kile kiti. Mwenyekiti alituambia viti visipojaa mtauchukua mradi, wakamwana zetu wakose. Tukaona hawaendi, tukasema hawa watoto wana kazi nyingi, basi twende sisi tuwashikie nafasi. Unadhani mimi nakaa kusikiliza nyimbo za bibi harusi? Mimi nilishaoa!"

Naomba muielewe hali ile. Wazee walikuwa wanakwenda kwa ajili ya wakamwana, na wakamwana walikuwa hawaingii kwa ajili ya wazee. Kila upande ulikuwa unamheshimu mwenzake kwa nguvu zote, na mimi nilikuwa nayajumlisha yale kwenye jedwali na kukaribia kuifuta programu. Nilitamani kumkumbatia mzee yule, ila kwetu huku watu hawakumbatiani ovyo. Nilichukua punje nyingine ya kahawa.

Kutokuja kwao peke yake hakukutosha. Wiki iliyofuata viti vilikuwa wazi, na wanawake bado wako migombani, kwa sababu nani anajua, mzee anaweza kuwa amechelewa tu. Ta Kalumuna aliliona hilo kabla yangu. Akatoka kwake na wenzake wote, wakapita barabarani mbele ya ukumbi na vigoda vyao na ubao wa kuchezea bao, yeye akitangaza kwa sauti ya mnadani, "Sisi tunakwenda ng'ambo kwenye duka! Hatupiti tena huku mpaka jioni!" Hata waliokuwa mtoni walisikia. Walipopotea kwenye kona, Jeska aliegemeza jembe lake ukutani, akaingia. Wengine wakamfuata, na majembe yakapangana nje ya ukuta ule mpaka pakakosa nafasi. Ma Kokwijuka, kwa mara ya kwanza, aligeuka akaangalia ukumbi. Aliimba mstari wa kwanza, wa pili ukamshinda, akakaa chini akafuta macho na kanga, na wanawake wakaendelea bila yeye. Nami macho yalinilowa, sina haja ya kusingizia vumbi.

Kwenye kikao, yule kijana wa mipango aliangalia majedwali mawili, akaniuliza kwa upole kama nimebadilisha kijiji. Nikasimulia kama nilivyowasimulia ninyi. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akauliza jambo la maana: kama ni hivyo pale, vijiji vingine tulivyofuta miaka iliyopita je? Tulirudi kwenye baadhi yake. Vingine kweli watu walikuwa hawataki, basi tukawaacha kwa amani. Viwili vitatu tulikuta mambo yale yale, kwa sura nyingine. Programu ya Rubya ilibaki, na ya Kitendaguro ikaanzishwa kivyake, mwalimu akitoka miongoni mwa wanafunzi wa Ma Kokwijuka. Ma Kokwijuka mwenyewe yuko hai. Hafundishi tena, anakaa kiti cha mbele, kile kile cha Ta Kalumuna, na anakosoa kila kitu.

Kwenye fomu niliongeza safu moja, "waliosimama nje", na nyingine ya kueleza ndani amekaa nani. Wakaguzi waliiulizia sana safu ile. Kishikwambi kilipokuja, kikaletwa bila hiyo safu, nikagombana na mtaalamu wa mfumo mpaka akaiweka ili nimwache ale chakula chake. Muitunze. Na kabla ya kuandika sifuri, zungukeni nyuma ya jengo. Sina hekima nyingine ya kuwaachia, hiyo moja imenitosha mpaka kustaafu.

Nimalizie na la juzi. Tunaishi na mwanangu na mke wake, Advera. Ni binti mwema, ananiheshimu kama alivyofundishwa kwao, na miaka yote aliyokaa kwangu nimeisikia sauti yake ikiwa ndogo tu: baba maji yako tayari, baba kuna mgeni. Nilishaamua moyoni kwamba ndivyo alivyoumbwa. Nilipoanza kushinda nyumbani, niligundua kuna alasiri moja kila wiki anatoweka. Mke wangu nilipomuuliza alinijibu, "Wewe si umestaafu? Staafu."

Juzi nilinyoosha miguu mpaka Kitendaguro. Nilipokaribia ukumbi nikasikia ule wimbo wa Rubya, wa mama na kisima na kizingiti. Kilichonisimamisha ni mwimbishaji. Sauti ilikuwa pana, haina wasiwasi, inauliza na kusubiri ijibiwe. Nilisogea hadi pembeni ya dirisha, nikachungulia kidogo, nikarudi nyuma haraka. Alikuwa Advera, kanga kiunoni, kichwa juu. Nikaingia kwenye migomba iliyo nyuma ya ukumbi, nikasimama.

Editha alitoka na kishikwambi chake kuzunguka jengo, kama nilivyomfundisha. Akanikuta kati ya mashina mawili.

"Shikamoo, mzee! Mbona huku? Ingia ndani, kuna viti."

"Marahaba. Shusha sauti. Mkamwana wangu yumo."

Alitazama dirishani, akanitazama, akaelewa. Hakucheka. "Basi nikuandike nje?"

"Niandike nje."

Akaniandika. Nilikaa pale mpaka wimbo wa tatu, mbu wananiuma, na sikumbuki siku nyingine niliyohudhuria programu kwa raha namna ile. Kisha nikawahi kuondoka ili nifike kabla yake. Aliponikuta nimekaa kwenye kiti changu na gazeti, alipiga magoti mlangoni.

"Baba, umeshinda salama?" akauliza kwa ile sauti yake ndogo.

"Salama kabisa, mwanangu," nikamwambia. "Nimekuwa hapa hapa."